Maswali ya Wasomaji: Video ya HDR Jukwaani

Barua tulizopokea safari hii kutoka Arusha na Moshi zimeelekea upande mmoja. Simu na kamera za siku hizi hurekodi video ya HDR, yaani video inayohifadhi mwanga mkali na giza kwa upana zaidi kuliko video ya kawaida, ambayo hapa tutaiita SDR. Hata hivyo, wenye kazi ya kuchanganya picha mubashara nyuma ya bendi, kwaya na maharusi wanalalamika kwamba uzuri huo hupotea kabla haujafika ukutani. Tumechagua barua zinazogusa sehemu mbalimbali za safari hiyo, kuanzia kwenye faili hadi kwenye skrini.

SWALI: Mimi ni mpiga picha wa Pasua, Moshi. Nilirekodi Kibo alfajiri kwa iPhone, theluji ikimetameta na migomba iliyo mbele ikiwa bado gizani, na kwenye simu video ilipendeza mno. Nilipoiingiza katika programu ninayotumia kuchanganya picha jukwaani, theluji iligeuka kijivu na rangi zote zikafifia, kana kwamba kioo kimepakwa majivu. Je, kompyuta yangu ni mbovu?

JIBU: Kompyuta yako ni nzima, ndugu yetu, na video yako pia ni nzima, ila hazijaelewana kuhusu maana ya namba. Simu za iPhone kuanzia toleo la 12, lililotoka mwaka 2020, hurekodi HDR mpaka mwenyewe uizime, na mwangaza huandikwa ndani ya faili kwa utaratibu uitwao HLG. Utaratibu huo uliundwa na mashirika ya utangazaji ya BBC ya Uingereza na NHK ya Japani, na mwaka 2016 ukaingizwa katika kanuni ya BT.2100 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Katika HLG, kitu cheupe cha kawaida, kama karatasi au theluji, huwekwa kwenye asilimia 75 hivi ya kipimo, na robo inayobaki huachiwa vitu vinavyong'aa kupita weupe huo, kama vile ndimi za moto, taa, au jua linapogonga barafu. Programu isiyosoma lebo ya faili hudhani imepewa video ya kawaida ya kanuni ya BT.709, ambamo weupe hukaa kwenye asilimia 100. Theluji yako imefika kwenye robo tatu tu ya kipimo, na programu ikaionyesha kama kitu cha kijivu, jambo ambalo kwa upande wake ni utii kamili. Rangi nazo zimeandikwa kwa uwanja mpana wa BT.2020, na zikionyeshwa kama za uwanja mwembamba wa BT.709 bila kubadilishwa, hupauka.

Upo utaratibu mwingine uitwao PQ, ambao ni kiwango cha ST 2084 cha SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni, cha mwaka 2014, na utaukuta zaidi katika video zinazotoka kwa watengeneza filamu. Huo hufunga kila namba na kiasi halisi cha mwanga, kinachopimwa kwa niti, yaani kandela moja kwa kila mita ya mraba ya uso unaotazamwa, mpaka kikomo cha niti 10,000. Niti 100, ambao ndio weupe wa kawaida wa SDR, hukaa karibu katikati ya kipimo. Video ya PQ isiyosomwa ipasavyo hupauka kuliko hiyo ya kwako.

Kwa kazi zijazo, ikiwa unajua kwamba utaonyesha kwa SDR tu, ingia kwenye mipangilio ya kamera ya simu, sehemu ya kurekodi video, uizime HDR. Kwa kazi uliyokwisha kuirekodi, ibadilishe nyumbani kabla ya onyesho kwa programu ya uhariri inayosimamia rangi, kama vile DaVinci Resolve: ieleze kwamba kinachoingia ni HLG na kinachotoka ni BT.709, kisha itazame theluji kwa jicho lako mwenyewe na uishushe mpaka mikunjo ya barafu ionekane tena. Hapo ndipo utoe faili la ProRes 422 au la HAP, ambazo ni kodeki, yaani njia za kubana video ndani ya faili. Usijaribu kuitibu video hiyo jukwaani kwa kitelezi cha kontrasti. Theluji itarudi kuwa nyeupe, ndiyo, lakini migomba yote itazama katika weusi mmoja, na alfajiri yako itakuwa imegeuka saa sita mchana.

SWALI: Nina ofisi ndogo Njiro, Arusha, ya kukodisha projekta kwa ajili ya harusi na kipaimara. Nimenunua projekta ya lumeni 5,000 ambayo boksi lake lina alama ya HDR. Nikionyesha ukumbini video ya HDR na ya kawaida za tukio lilelile, wateja hawaoni tofauti, na mimi mwenyewe, nikisema kweli, siioni. Je, nimeibiwa?

JIBU: Hukuibiwa, dada yetu, ila alama hiyo inaahidi kidogo kuliko inavyosomeka. Kwa projekta nyingi, maana yake ni kwamba mashine inaweza kupokea mawimbi ya HDR, ikayaelewa, kisha ikayabana yalingane na mwangaza iliyo nao. Basi tupige hesabu tuone ni mwangaza kiasi gani.

Chukua skrini ya upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.25, ambayo ni mita 9 za mraba. Lumeni 5,000, yaani mwanga wote unaotoka kwenye projekta, zikitandazwa humo zinakuwa laksi 555, yaani lumeni 555 kwa kila mita ya mraba. Skrini nyeupe ya kawaida huutawanya mwanga huo pande zote, kwa hiyo ukigawanya kwa 3.14 unapata takribani niti 177. Hizo ni za projekta ambayo lumeni zake ni za kweli, taa au leza yake ni mpya, na hali ya picha iliyochaguliwa ni ile yenye mwanga mkubwa kuliko zote, ambayo mara nyingi huifanya picha ielekee kijani. Video nyingi za HDR hutayarishwa kwa kilele cha niti 1,000 au zaidi. Ni wazi kwamba lazima projekta yako ibane, na ikibana sana, kinachobaki hakitofautiani na SDR iliyotengenezwa vizuri.

Hata hivyo, kilele si nusu ya kesi. Weupe katika sinema ya kawaida umewekwa kwenye niti 48 tu, na hakuna anayetoka sinema akilalamikia picha hafifu. Sababu ni giza la ukumbi. Projekta haina namna ya kuonyesha weusi, kwani haiwezi kumwaga giza juu ya skrini, na weusi wako ni mwanga wa ukumbi unaoangukia kitambaa kile. Taa za mapambo zikimwaga laksi 50 kwenye skrini, weusi wako ni niti 16, na weupe wako ukichanganywa na mwanga huohuo unafika niti 193, yaani mara 12 tu ya weusi. Zikishushwa hadi laksi 5, weusi unakuwa niti 1.6 na uwiano unapanda hadi mara 112 hivi. Ukihesabu kwa kuzidisha mara mbili mbili, kama wafanyavyo wapiga picha, umetoka kwenye hatua tatu na nusu ukafika karibu saba, bila kugusa faili, projekta wala kompyuta. Upana wa mwanga na giza ulioulipia dukani umekuwa ukifutwa na taa zilizopangwa chini ya vitambaa vya satini nyuma ya meza kuu.

Kwa hiyo zungumza na mtu wa mapambo kabla hajafunga taa zake, jambo ambalo kwa uzoefu wa wengi ni gumu kuliko teknolojia yenyewe. Omba taa zinazoelekea skrini zigeuzwe, na skrini isogezwe mbali na meza kuu. Punguza pia ukubwa: skrini ya upana wa mita 3 badala ya 4 inakupa takribani niti 314 kutoka projekta ileile. Zima kontrasti ya kujirekebisha, kwa maana picha zinazobadilika kwa mdundo wa muziki huifanya projekta ipandishe na kushusha mwanga wake nyuma ya mdundo, na ukuta mzima ukaonekana kama unapumua. Kisha onyesha SDR uliyoibana mwenyewe nyumbani, kwani wewe unajua kama cha kuokolewa ni gauni la bibi harusi au ni mishumaa, na projekta haijui.

SWALI: Kwaya yetu ya vijana ya Usa River ilihudumu kwenye mkutano wa injili wa nje. Mwenye skrini ya LED alituambia kwamba ina niti 5,000, kwa hiyo “ni HDR tayari”. Mchana picha ilikuwa safi. Usiku, alipopunguza mwangaza, video ya mawingu ya machweo ilionyesha mistari mistari. Kwa nini?

JIBU: Niti 5,000 zimewekwa hapo kwa ajili ya kushindana na jua. Giza likiingia, hakuna mtu aliyeketi mbele anayeweza kuzivumilia, hivyo fundi hushusha mwangaza hadi asilimia 10 au chini ya hapo, na hapo ndipo udhaifu hujitokeza. Taa za LED hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima kwa kasi kubwa, na rangi za gizani hutengenezwa kwa vipindi vifupi sana vya kuwaka. Skrini nzima ikishushwa kwa njia hiyohiyo, vile vipindi vifupi hukosa nafasi ya kugawanywa zaidi, na ngazi kadhaa za giza huungana kuwa moja. Kama video iliyoingia ilikuwa ya biti 8, yenye ngazi 256 tu kwa kila rangi, wingu linalofifia taratibu hukatika vipande na jicho likaona mistari.

Mara nyingine muulizeni fundi, kabla ya kulipa, kama kidhibiti cha skrini kinapokea biti 10, kama kinaielewa PQ, na kama mwangaza unaweza kushushwa kwa kupunguza umeme unaokwenda kwenye taa badala ya kukata vipindi vya kuwaka. Akisita, mpeni jaribio badala ya mjadala: chezesheni picha moja inayopanda polepole kutoka weusi hadi asilimia 10 ya mwangaza, skrini ikiwa kwenye kiwango kitakachotumika usiku, kisha msogee mbele mtazame. Mistari ikionekana, ongezeni chenga kidogo sana juu ya video katika programu yenu. Chenga hizo huvunja kingo za ngazi, na kwa mbali hazionekani. Ni dawa ya kienyeji, lakini hata mafundi wakubwa huitumia.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa Sekei, Arusha, ninajifunza TouchDesigner, programu ya kutengeneza picha mubashara kwa kuunganisha vitengo vya kazi. Nilisoma kwamba HDR inahitaji desimali za biti 32, nikaweka kila kitengo hivyo, na sasa kompyuta inakwamakwama. Pia nikijumlisha klipu mbili za PQ, sehemu zisizo na mwanga mkali hulipuka kuwa nyeupe tupu. Ninakosea wapi?

JIBU: Tuanze na mlipuko, kwa sababu una hesabu nzuri ndani yake. Klipu mbili zenye niti 100 kila moja, zikimulika mahali pamoja, zinapaswa kutoa niti 200. Lakini PQ huiandika niti 100 kama 0.508. Ukijumlisha 0.508 na 0.508 unapata zaidi ya 1, na 1 katika PQ ni niti 10,000. Wewe ulidhani unajumlisha mwanga, kumbe ulikuwa unajumlisha anwani za mwanga. Kufifisha klipu moja kuingia nyingine, kutia ukungu, kupunguza ukubwa wa picha na kuongeza mng'ao kuzunguka taa ni hesabu za namna hiyohiyo, na zote huharibika zikifanywa juu ya namba za PQ au HLG. Kwa hiyo ifungue klipu mara moja inapoingia, iwe namba zinazolingana na mwanga halisi, fanya kazi yako yote humo, kisha uifunge kwa PQ mara moja tu mwishoni inapotoka. Amua mapema kwamba 1.0 ndani ya mradi wako ni niti ngapi, na uiandike mahali utakapoiona. Ripoti ya ITU ya BT.2408 hutumia niti 203 kwa weupe wa kawaida katika HDR, na ni chaguo la busara hasa kwa maneno ya nyimbo na nembo. Maneno yaliyoachwa kwenye kilele cha skrini huchoma macho ya watu na kuidhalilisha picha iliyo nyuma yake.

Kuhusu biti, desimali za biti 16 zinakutosha kwa karibu kila kitu. Zinafika hadi 65,504, na zinahifadhi ngazi 1,024 ndani ya kila hatua ya kuzidisha mwanga mara mbili. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 yenye njia nne (nyekundu, kijani, buluu na uwazi) huchukua megabaiti 8.3 kwa biti 8, 16.6 kwa biti 16, na 33.2 kwa biti 32. Ukiwa na vitengo 40, kila kimoja kikishika fremu yake, biti 32 zinameza zaidi ya megabaiti 1,300 za kadi ya grafiki, na kwa 4K uzidishe mara nne. Waachie biti 32 wale wanaohifadhi mahali na mwendo wa chembe ndani ya picha. Na usitarajie kwamba faili la biti 8 likiingia kwenye kitengo cha biti 16 litaota ngazi ambazo halikuwa nazo.

Tukuonye na jambo ambalo halikuwamo kwenye barua yako, lakini litakukuta. Kitanzi cha kurudisha picha, ambamo fremu iliyopita huchanganywa na mpya ili kuacha mikia ya mwanga, kina ulinzi wa bure katika biti 8, kwa kuwa namba hugonga dari ya 255 na kusimama. Katika desimali hakuna dari ya karibu. Kitanzi kinachoongeza mwanga kwa asilimia 2 tu kila fremu, kwa fremu 60 kwa sekunde, huzidisha mara 3.3 kila sekunde, na kikianzia 1.0 kinavuka 65,504 katika muda usiofika sekunde 10. Baada ya hapo namba inakuwa isiyo na mwisho, na hesabu inayofuata, kama vile kuizidisha kwa sifuri, huzaa pikseli zisizo namba kabisa. Ukungu ukizigusa pikseli hizo huzisambaza, na madoa meusi yanatambaa skrini nzima wala hayaondoki mpaka kitanzi kianzishwe upya. Weka kikomo ndani ya kitanzi chenyewe, tuseme 16 juu na 0 chini, wala usisubiri kukiweka mwishoni.

SWALI: Waya wa HDMI 2.0 utapitisha 4K ya fremu 60 kwa biti 10? Msomaji, Kiborloni.

JIBU: Kwa rangi kamili, hapana. HDMI 2.0 ina gigabiti 18 kwa sekunde, na mkondo huo unahitaji takribani 22.3. Punguza rangi ziwe 4:2:2, yaani taarifa za rangi zipungue nusu huku za mwangaza zikibaki kamili, au shuka hadi 1920 kwa 1080, ambayo kwa biti 10 huchukua takribani gigabiti 5.6 tu. Kwa umbali wa mita 15 na kuendelea, tumia waya wa nyuzi za kioo.

SWALI: Bendi yetu ya Moshi inazunguka Kaskazini, leo ukumbi wa hoteli, kesho uwanjani, na hatujui tutakuta projekta au LED. Tutayarishe picha zetu kwa HDR au SDR?

JIBU: Tayarisheni mradi kwa mwanga halisi wa biti 16 kama tulivyomweleza mwanafunzi wa Sekei, na mweke njia mbili za kutokea: moja ya SDR ya BT.709, nyingine ya PQ. Ya SDR ndiyo mtakayoitumia mara nyingi, kwa hiyo hiyo ndiyo ipewe jicho na muda wa mazoezi. Klipu zenu za SDR zihifadhiwe kwa HAP, kodeki iliyotoka mwaka 2013 na inayofunguliwa na kadi ya grafiki, hivyo hata kompyuta ya wastani hucheza kadhaa kwa pamoja. Lakini HAP ya kawaida haina biti za kutosha kubeba PQ, na machweo yenu yatapasuka mistari. Klipu chache zinazostahili HDR kweli ziwekwe katika ProRes 422 HQ ya biti 10 au NotchLC, kodeki nyingine inayofunguliwa na kadi ya grafiki, mkikumbuka kwamba mafaili hayo ni makubwa na yanataka diski ya SSD.

Mkifika ukumbini, msiamini kinachosemwa na kisanduku cha mipangilio cha kompyuta. Projekta na vidhibiti vya LED vinaweza kukubali PQ kwa jina, kisha vikaionyesha kama SDR. Chezesheni kijipicha chenye miraba mitatu ya niti 100, 203 na 1,000. Kama mraba wa tatu hautofautiani na wa pili, au yote mitatu imepauka, badilini kwenda SDR papo hapo. Na fanyeni jaribio hilo baada ya saa moja usiku, taa za ukumbi zikiwa kama zitakavyokuwa wakati wa onyesho, kwa sababu matokeo ya saa kumi jioni, mapazia yakiwa wazi, hayatawaambia kitu.